Daftari la Alama

Lilikuwa ghala la sufu, Wimmera, mwaka hamsini na nane.
Bronius, mkimbizi wa Lithuania, mchomeleaji,
alipinda nondo mbili zikawa pete,
akasema: hapa.

Sakafu ilinuka kondoo hata tulipoingia ligi.

Mshahara? Mafuta ya gari, na bahasha
nyepesi, ukiipuliza inapaa.
Ijumaa Dougal anachinja ng'ombe mpaka saa tisa,
saa moja usiku yuko hewani,
kucha bado nyekundu.
Mmarekani wetu, Lamont, alilala chumba changu cha nyuma;
aliogopa buibui kuliko walinzi wa Ballarat.

Themanini na tatu, fainali: pointi moja.
Nimeiandika kwa wino mwekundu.
Tuliofungwa ni sisi.

Kisha machinjio yakafungwa, mdhamini akahama,
jezi za wanaume wakarithi mabinti,
mikono ikiwafika viwikoni,
nao wakachukua kombe. Bahasha hawakuziona.

Leo wananijia: Noelene, tupe historia.
Nawapa daftari.
Mchezo wa mwisho mvua ilitoboa paa,
nikaisimamisha saa kwa kidole hiki.
Hakuna aliyerudi kuiwasha.
Bado inatudai sekunde nne.