Kiganja cha Saa Tisa

Karatasi ya bei iko mezani tangu Jumanne,
imekunjwa, imekunjuliwa, imekunjwa tena,
nimeilaza chini ya kopo la chumvi isipeperuke
kana kwamba humu ndani mna upepo.
Upo, kwa kweli. Hita inakohoa tangu Novemba
na Duluth, Januari, haina huruma na dirisha bovu.

Reino haikaribii. Anaizunguka
kama mtu azungukaye mbwa asiyemjua.
"Dola mia tatu na arobaini kila mwezi,
kwa kitu kisichozidi kifungo cha koti!"
Kisha anajichoma kidole, kile kile cha pete,
ngozi imekomaa kama kisigino,
anakamua, anangoja, anasoma,
na sitini na nane anaitangaza tisini.

Watu wa bima wameandika barua ya adabu.
Wanasema hajazimia mara za kutosha.
Niliisoma kwa sauti, jikoni, nimevaa koti,
naye akacheka: "Basi nitajitahidi."

Nyuma ya bahasha ya umeme nimepiga hesabu:
gia ya lori, elfu mbili;
hita, fundi Ostby hakutaja bei, alipiga mluzi tu;
meno yangu mawili ya kushoto
yatangoja, yamezoea.

Hesabu nyingine sikuiandika.
Miaka kumi na tisa naamka saa tisa usiku,
bila kengele, bila kuitwa,
naweka kiganja nyuma ya shingo yake.
Ikiwa kavu, narudi kulala.
Ikiwa imelowa, baridi kama samaki,
nakimbilia juisi, namwinua kichwa,
ananitukana kwa Kifini cha bibi yake
(alichorithi ni matusi tu na majina ya mikate).
Asubuhi hakumbuki. Naosha glasi, nanyamaza.

Kwa hiyo kifaa tunacho.
Kina mikono miwili, kinakunywa kahawa,
kimetimiza miaka sitini na mmoja,
na wiki iliyopita hakikuamka.

Nilifumbua macho saa mbili, kweupe,
theluji imemulika dari.
Sikuthubutu kugeuka. Nilihesabu misumari ya dari,
nikafika kumi na moja,
ndipo akakoroma.
Nikaingia bafuni, nikafungulia maji
yalie kunizidi.

Sijamwambia. Nikimwambia atanunua leo hii,
na sitaki anunue kwa deni la hofu yangu.
Au nataka. Sijui.
Najua pia, na hili nalisema polepole,
kwamba kifungo kile kikishika zamu
shingo yake nitaigusa kwa kisingizio gani?

Usiku huu amekaa, hatimaye, amesogeza chumvi.
"Arlys, kinalia kwa sauti gani?"
"Sijui."
"Kikilia, nani ataamka?"
"Mimi."
"Na mimi je?"
"Wewe hujawahi kuamka, Reino."

Akanitazama muda mrefu,
kama anayesoma namba asiyoweza kuidanganya.
Kisha akachukua penseli ya useremala,
akaandika pembeni bei ya kibanda chake
cha kuvulia samaki barafuni,
akaifuta kwa kidole kigumu,
akaiandika tena, ndogo kidogo.