Mgonga Magurudumu

Miaka ishirini na tisa niligonga magurudumu
stesheni ya Tabora, pale njia zinapoachana,
hii ya Kigoma, hii ya Mwanza, hii ya Mpanda.
Saa nane za usiku, taa mkono wa kushoto,
nyundo ya mpini mrefu mkono wa kulia,
behewa kwa behewa: ngo, ngo, ngo.
Chuma kizima huitika kama kengele.
Chenye ufa hujibu kama mtu aliyeamshwa usingizini,
na nikisikia hivyo treni haiondoki,
hata awemo nani mle ndani.

Kinywa changu sikukigonga hata mara moja.

Mswaki asubuhi, ndiyo, wa haraka,
mbele tu, palipo na cheko,
kama anayefagia uwanja kwa sababu wageni wako njiani.
Usiku nililala na matobolwa kwenye magego,
na moshi wa sigara,
na asali niliyoilamba kidoleni
nikijiambia asali ni dawa.
Damu ikitoka nilitema, nikasukutua, nikasahau.
Nyamizi ndiye aliyeona wekundu kwenye gunzi.
"Kashindye, umeng'ata nini?"
"Muhindi mgumu."
Muhindi ulikuwa mchanga, wa maziwa.

Kwetu hatukuuita huo ugonjwa.
Mama alitwangiwa karanga akiwa na miaka hamsini na mbili.
Baba aliangusha jino katikati ya hadithi,
akalitia mfukoni, akaendelea na hadithi.
Tukadhani meno huondoka kama mvi zinavyoingia,
kwa ratiba,
na mimi, mtu wa reli, sibishani na ratiba.

Mwaka wa kustaafu, la mbele likaanza kucheza.
Ulimi haukulala. Unalisukuma, linakwenda,
unaliacha, linarudi,
kama mlango wa choo usio na komeo.

Nikaenda. Wakanilaza chali chini ya taa.
Binti mmoja, Wande, rika la kitinda mimba wangu,
akashika kijichuma chembamba
akaanza nyuma kabisa, kwenye gego la mwisho:
ngo. Ngo. Ngo.
Nikafumba macho. Kazi ile niliijua.
Leo behewa ni mimi.

"Meno yako mazima, mzee."
"Mbona yanacheza?"
"Ardhi ndiyo imeondoka."

Akanipa kioo. Ukoga umeganda shingoni mwa meno
kama masizi ya sufuria ya msibani,
na fizi, zimevimba, zimechoka,
zimerudi nyuma hatua moja moja
bila kumuaga mtu.
Hakuwa na haja ya kuendelea.
Nimeona tuta baada ya masika:
maji yamekula chini kimya kimya,
kokoto zimetiririka,
mataruma yananing'inia hewani,
na reli juu yake inang'aa, nzima kabisa,
ikisubiri treni.

Alinikwangua safari tatu.
Mawili hayakuokoka. Niliyafunga kwenye karatasi
nikaja nayo nyumbani, sijui kwa nini.

Siku hizi, baada ya taarifa ya habari ya usiku,
nakaa kwenye kigoda kando ya ndoo.
Mswaki laini. Nauinamisha
pale jino linapozama kwenye fizi,
duara ndogo ndogo, sisugui sakafu mimi.
Kisha uzi, katikati, pasipofika mswaki.
Nyamizi hunicheka: bwana harusi huyo.
Sigara nimeiacha mara nne,
hii ya nne inaelekea kushika.

Jumapili amepita Sizya, mwanangu,
miaka thelathini na mitano, dereva wa lori la tumbaku.
Asubuhi kasukutua nyuma ya nyumba,
mate yamegusa mchanga, mekundu.
"Mswaki mgumu, baba."
Nikachukua kijiko, nikakigeuza mpini mbele.
"Fungua kinywa."
"Baba, nina mzigo wa Urambo, nimechelewa."
"Fungua, Sizya.
Lori haliondoki."