Barabara Isiyotajwa

Nimekisoma mara tatu, mara zote nikamlaumu Mwajabu:
treni ni ya saa kumi, yeye katoka nyumbani saa sita,
kabeba kikapu na barua,
na bado akakuta reli tupu.
Mzembe, nikasema. Na mwandishi naye mzembe,
kurasa arobaini za kutembea tu!

Mhina fundi baiskeli hasomi riwaya,
lakini ndiye aliyeniambia, "Chora.
Mteja akilalamika baiskeli inavuta kushoto
sibishani naye. Naipindua, magurudumu juu."

Basi nikaupasua mfuko wa saruji, nikaugeuza nje ndani,
nikaugongomea ukutani kwa misumari ya viatu.
Ngamiani ikalala pale kama daftari la hesabu,
barabara chini ya barabara, kila moja na namba yake,
na ng'ambo ya reli mji wa ofisi.
Uzi mwekundu wa cherehani ukawa miguu ya Mwajabu.

Kumi na nane: anafunga mlango, anarudi kuujaribu.
Kumi na saba: anamsalimu muuza mkaa.
Kumi na nne: gidamu ya kiatu.
Kumi na tatu: anasimama. Joto, kitabu kinasema.
Kisha uzi unakata kona, unashika njia ya Mgandini,
anauliza bei ya bamia asizonunua,
anazunguka nyuma ya ghala la katani
na kuibukia kumi na moja.

Nikarudi sura ya kwanza na penseli.
Harusi, kumi na moja.
Msiba, kumi na tatu.
Mtoto anapopotea anatafutwa mlango kwa mlango,
namba zote zinaitwa, ile moja wanairuka
kama ulimi unavyokwepa jino bovu.
Kitabu kizima, hakuna aliyezaliwa kumi na mbili,
hakuna aliyekaanga hata andazi pale.

Sijui nani alikaa. Mwandishi hakusema
na mimi sitamsemea.
Ila barua ile, sasa najua,
haikuwa ya kupelekwa kwa treni.

Jioni nikampa Mhina habari, nimejaa furaha ya mgunduzi.
Akasikiliza, spoku mdomoni.
Akaitoa. "Na wewe, Mwalimu,
ukija kwangu Makorora,
mbona njia fupi huipiti?"

Kule, nikamwambia,
kuna joto.