Moja Yenye Kofia

Ilianza na moja yenye kofia.
Karani fulani, ana haraka ya chai,
aliandika mwezi wa kwanza kwa mkono,
na moja ile, kichwa kimeinama,
mashine ikaisoma saba.

Hivyo ndivyo Luteni Morag Kinnaird
alivyopanda kuwa Kapteni Januari mosi
na faili likampandisha Julai.
Miezi sita ikadondoka kati ya meza mbili,
hakuna aliyeinama kuiokota.

Meza yangu iko ghorofa ya nne, Glasgow,
dirisha linatazama mto Clyde, na mvua,
na mvua.
Barua yake ya kwanza ilijibiwa kabla sijaajiriwa:
kumbukumbu zetu hazioneshi kosa.
Ya pili vivyo hivyo, neno kwa neno.
Ya tatu ni fupi, kama mtu anayebana meno.
Ya nne ndiyo iliyonikuta mimi.

Anasema: waliokuwa nyuma yangu wamenipita.
Anasema: bodi ilipoketi kuchagua mameja
jina langu halikufika mezani,
lilipungukiwa na nusu mwaka.
Anasema: sidai cheo. Nadai tarehe.

Ameambatanisha picha.
Nyota ya tatu inabandikwa begani,
nyuma yake paa la mesi, Catterick, jeupe pe.
Nikaipeleka kwa Bwana Lorimer, mkuu wa kitengo.
"Picha si waraka," akasema.
Nikamwambia, theluji haianguki Julai.
Akatazama nje, akafikiri kwa muda mrefu.
"Nchi hii," akasema, "siwezi kuapa."

Basi nikashuka chini kwenye maboksi,
wiki nzima napiga chafya.
Orodha ya mishahara ililoweshwa na bomba lililopasuka.
Amri ya kikosi ni nakala ya nakala, wino umekimbia.
Nilichopata ni risiti ya fundi cherehani wa Richmond:
kushona nyota mbili, moja kila bega,
pauni nne na nusu, Januari tisa.
Fundi hakujua bodi wala faili.
Alijua amelipwa lini.

Sikumwambia Lorimer kwa nini kosa lile
lilinifuata hadi kitandani.
Kwetu Pangani moja na saba ni majirani wa ukuta mmoja:
saa yao ikionesha saba, sisi twasema saa moja,
na sita iliyo katikati haijapata kumpotezea mama
hata safari moja ya sokoni.
Sisi twajua kwamba twahesabu kwingine.
Faili halijui. Faili huona saba, likalala.

Nami nilizaliwa mfungo saba,
maulidi yamekwisha,
masufuria ya watu hayajarudishwa kwa wenyewe.
Hiyo ndiyo siku yangu, kwa kinywa cha mama.
Yule wa uhamiaji aliuliza mara mbili,
akachoka, akaandika: Januari mosi.
Mosi ya Kinnaird ilifanywa saba,
saba yangu ikafanywa mosi.
Kila mwaka, usiku huo, Glasgow hulipua fataki
nami husimama dirishani, najifanya ni zangu.

Leo asubuhi Lorimer ametia saini.
Nikafungua kisanduku cha tarehe,
nikaifuta saba. Kwa kitambo
pakawa patupu, mshale unapepesa,
Kapteni hana mwezi aliopandia.
Kisha nikabonyeza moja.
Hii haina kofia. Imesimama wima,
gwaride la mtu mmoja.

Kompyuta ikauliza: Una hakika?
Nje, mvua. Ukutani saa tatu kasorobo,
tisa kasorobo kwa hesabu yao.
Nikakaa na swali lile
kupita kiasi lilichohitaji.