Mengineyo

Kikao kilifunguliwa kwa dua saa tatu na dakika arobaini,
baada ya kuitishwa saa mbili kamili.
Akidi ilitimia Mheshimiwa Tsofa alipopanda ngazi
akihema, kashata ingali shavuni.
Mimi ndimi karani. Kalamu mbili, daftari la jalada jekundu,
na kiti cha buluu chenye neno BARAZA mgongoni kwa rangi nyeupe,
mguu mmoja mfupi; nimeutilia kadibodi.

Lugha ya kumbukumbu ni lugha ya kutendwa.
Ilisomwa. Ilijadiliwa. Ilikubaliwa.
Miaka kumi na saba naandika, sijamwona atendaye.
Mambo ya Malindi hujitenda yenyewe
kama ukungu unavyojiotea kwenye dari ya ukumbi huu,
juu ya feni isiyozunguka.
Feni: iliahirishwa.

Yatokanayo.
Barua ya wenye tuktuk imepokelewa, na ile ya kuikumbusha pia.
Kilomita moja ya lami ya Muyeye imekuwa mita mia sita;
tofauti itafafanuliwa.
Mbwa wa Barani wahesabiwe upya,
maana waliohesabiwa sio wanaobweka.

Kisha Mengineyo.
Saa saba kasoro, harufu ya pilau ya semina ya chini
inapanda ngazi bila mwaliko,
wajumbe wanautazama mlango kama watoto wa darasa la tatu.
Hapo ndipo huingia lile lililoketi nje kwenye benchi
tangu asubuhi, unga ukiwa umekaukia kwenye kanga.

Bi Mwanasiti Bunu, muuza vitumbua. Hiki kikao chake cha tatu.
Alisema, mtaro ule wa kona ya kinyozi uko wazi
tangu kabla ya Ramadhani. Chuma chake kiling'olewa usiku,
kikauzwa kwa kilo. Juzi nimetumbukia mimi na ndoo yangu.
Akainua kanga kidogo, tuone ugoko;
Mwenyekiti akatazama feni.
Mimi nimetoka, akasema. Mtoto je?

Mheshimiwa Kenga akataka kujua: ni mfuniko au kifuniko?
Kwa kuwa bajeti ina fungu la vifuniko.
Mhandisi Lali akasema kiufundi ni mfuniko.
Mwenyekiti akasema mfuniko ni wa sufuria.
Ikaombwa kamusi.
Kamusi ilikuwa kabatini.
Ufunguo ulikuwa Kilifi.

Dakika ishirini na tano.
Hakuna aliyemwambia Bi Mwanasiti keti,
hakuna aliyemwambia nenda.
Niliandika: Suala lilipokelewa.
Kalamu ikasita.
Nikaandika: Alisimama.
Katika kurasa mia nne, kitenzi cha kwanza
chenye mtu ndani yake.
Mwenyekiti alipotia saini alikikata
kwa mstari mmoja mnyoofu, kwa adabu kabisa.

Jumanne ya pili yake. Yatokanayo.
Shimo la kona ya kinyozi: hakuna malalamiko mapya.
Imeripotiwa kwamba watu sasa wanalizunguka,
hata usiku, hata wenye tuktuk.
Kuna kitu kimepandwa mle, cha buluu, kichwa chini miguu juu,
na kwenye mguu ulio mfupi
kimefungwa kipande cha kanga nyekundu.
Hakikupendekezwa na mtu.
Hakikuungwa mkono.

Ripoti ya mali ya ukumbi:
viti ishirini na nne vimehesabiwa
ishirini na tatu.
Ilikubaliwa kwamba uchunguzi ufanywe.

Karani, akauliza Mwenyekiti bila kuinua macho, umeandika?

Nimeandika, nikasema,
daftari nimeliegemeza kwenye ukingo wa dirisha,
kwa hati nzuri,
nimesimama.