Tende Mbili

Shofiki wa Silheti hutega sikio kwenye shina
kama mkunga kwenye tumbo la mzazi.
"Anakula," anasema. Nami nainama, nasikia:
kwaru, kwaru, kwaru.
Funza wa fukusi mwekundu yumo ndani ya khalasi,
anautafuna mtende kutoka moyoni kuja nje,
na makuti bado kijani, bado yanatudanganya.

Bi Mizna kakaa ukingoni mwa falaji, anahesabu.
Kumi na saba ilianguka mwaka jana,
mitatu mwaka huu, na huu wa nne.
Kapiga dawa mpaka nyuki wakahama.
Tukamletea kopo kutoka ng'ambo, limesafiri na barafu,
minyoo milioni hamsini, na kwenye lebo mlima wa theluji.
Tuliwamwaga Jumatatu. Jumatano hakubaki hata mmoja:
joto la Mudhairib lilikuwa digrii arobaini na sita.
Mgeni njoo, tulisema, mwenyeji apone.
Mgeni alikuja. Hakupona mtu.

Kwa hiyo nachimba.
Vijiko vinne vya udongo chini ya naghali kuukuu,
usiojulikana kwa nini haujaugua.
Natia kwenye kopo la samli,
naweka viwavi sita wa nondo wa nta, wanono,
nafunika, nageuza juu chini,
naandika kwa penseli: bustani ya Mizna, mtaro wa pili.

Siku ya tatu watano wazima.
Wa sita kalala, mwekundu kama tofali,
wala hanuki.
Nazima taa ya maabara nimwone vizuri.
Anang'aa! Kidogo tu,
kama mishale ya saa ya marehemu baba gizani.

Sasa niseme nisilomwambia Bi Mizna.
Bibi yangu, kule Wete, alikuwa na mguu wa tende.
Nilimkanda kwa maji ya chumvi kila jioni;
ngozi ngumu, ina matuta, kama gome,
gome la mti ambao nilikuwa sijauona.
Waliomfanya vile ni minyoo wembamba kama uzi,
ukoo mmoja na hawa wa sahani yangu.
Mdharau mwiba, wakituimbia, mguu huota tende.
Basi nilipoletwa Omani, mtoto wa miaka tisa,
shangazi akanisogezea sinia, "Kula tende, mwanangu,"
nikalia mpaka usiku.

Tunawarudisha baada ya Isha, maana jua huwaua.
Bi Mizna kanunua zamu ya maji ya jirani.
Shofiki ameshika tochi mdomoni, mimi bomba la sindano,
tundu kwa tundu, shina kwa shina,
maji ya falaji yenye ukungu mwembamba,
na ukungu wote una uhai.
"Wataniingia na mimi?"
"Hawakutaki wewe. Wanamtaka yeye."
Namweleza: mmoja hupenya kwa tundu la pumzi,
hutapika vijidudu alivyovibeba tumboni,
na fukusi huwa maiti, halafu huwa chungu cha chakula,
halafu huwa nyumba ya uzazi.
Bi Mizna akanyamaza kidogo.
"Na walikuwa humu humu?"
"Humu humu."
"Toka lini?"
Sikuwa na jibu. Nilisema, "Kabla ya hati ya shamba."

Siku ya kumi na moja Shofiki anatega sikio.
Huu, kimya.
Huu, kimya.
Ule wa pembeni, karibu na ukuta: bado anakula.
Hakuna aliyepiga vigelegele. Nikachanganya sahani nyingine.

Bi Mizna akafungua debe la tende za mwaka jana,
akanichagulia moja, akaifuta kwa ncha ya shela.
Nikala.
Kokwa nikaitemea kiganjani,
nikaigeuza, nikaitazama pande zote mbili,
kama nifanyavyo siku zote.