Kimevunjika

Mwanangu Anaeli alisimama mlangoni pa karakana,
vumbi la Pasua likimfika magotini,
akasema: Baba, kioo kimevunjika.

Kioo gani?
Cha Mama Ndeshi. Cha kabati la maandazi.
Kimevunjwa na nani?
Akautazama mlima, kana kwamba Kibo angemjibia.
Kimevunjika tu.

Nilizima mashine ya kuchomelea, nikavua miwani.
Nikamwambia: kioo hakina kichaa,
hakiamki asubuhi kikaamua kujipasua.
Tafuta kitenzi kingine.
Akatafuna mdomo wa chini,
mpira wa matambara ukichungulia kwapani kwake.
Mwishowe kikatoka, kidogo kama punje ya ulezi:
Nimekivunja.

Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma.
Mama Ndeshi alikuwa anaokota vipande kwa ncha ya kanga,
nzi wamekwisha kualikana.
Anaeli alisema sentensi yake yote, hakumeza hata silabi.
Yule mama hakumpiga.
Hakuharakisha kumsamehe pia.
Alitaja bei, elfu kumi na nane pamoja na kukikata,
na Jumamosi nne za kusugua masufuria.
Hela nikatoa mimi. Masufuria nikamwachia mwenyewe.

Tulirudi kando ya mfereji wa mpunga,
nami najisifu kimoyomoyo, huyu nimemlea,
ndipo akauliza, bila ubaya,
kama mtu anayeuliza saa:
Baba, na wewe ulimwambia bibi nini kuhusu ng'ombe?

Ng'ombe.
Yule wa mama yangu, kule Mbokomu, mwenye baka usoni,
niliyeteremka naye nimuuze
ili mama apate dawa za presha na bati la jiko.
Mwaka wa tatu huu.
Nilimwambia: Mama, hela zimeisha.
Nilimwambia: Mama, mambo yamekwama.
Na mke wangu aliporudi kwao Machame na begi moja,
niliwaambia wazee: nyumba imevunjika.
Ada ya mtoto? Imechelewa.
Simu ya dada Aikande? Haikupokelewa.
Maisha yangu nimeyajaza vitu vinavyojivunja,
vinavyojichelewesha, vinavyojisahau vyenyewe,
na katikati yake nimesimama mimi, mikono safi,
shahidi.

Sikumjibu Anaeli. Nilimwambia afunge kamba ya kiatu.

Jumapili nilipanda Mbokomu kwa miguu
(nauli ilikuwepo; nilitaka njia iwe ndefu).
Uani nilikata jani la isale,
maana kwetu anayeletewa isale hakatai.
Nikalishika hadi migomba ya kwanza,
nikaona jikoni moshi unavyotoka
kwenye kila tundu la bati nililokula.
Nikarudi, nikalilaza juu ya ua.
Nilitaka kwanza aweze kukataa.

Mama alikuwa anamenya ndizi.
Nilisema nimesimama:
Ng'ombe nilimuuza mwezi uleule.
Hela nilikula mimi. Nyingine kwa pombe, nyingine kwa kiburi,
kuwanunulia watu waliokuwa wananiita bosi.

Kisu hakikusimama.
Akamaliza ndizi ile, akachukua nyingine,
utomvu umemganda vidoleni mweusi kama wino.
Kisha akauliza, macho kwenye sinia:
Alikuwa na mimba. Ulijua?

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi,
laini, limepakwa mafuta, limezoea njia:
haikujulikana.
Nikalimeza likiwa na miba.

Sikuuliza, mama.
Sikuuliza.

Akanisogezea kisu cha pili.
Sijui kama huko ni kusamehewa.
Nilikaa chini, nikamenya.